Mpiga Besi Si Mpiga Solo Aliyeshindwa

Imeenea dhana moja katika mabaraza yetu, nayo kwa ukongwe wake imekwisha jipatia heshima isiyoistahili, ya kuwa mtu apigaye gitaa la besi katika bendi ni mtu aliyetamani kupiga solo akashindwa, na kwa kuwa mwenye bendi alimwonea imani hakumfukuza, bali alimpa gitaa lenye nyuzi 4 badala ya lile lenye nyuzi 6, akasimama nyuma karibu na ngoma asisumbue watu. Husemwa kwa mzaha, lakini mzaha ukikaririwa sana hugeuka hukumu, na hukumu hii imewakosea adabu watu wengi wenye maarifa. Kwa hiyo nimeona si vibaya kuitazama kwa nadhari, na kuonyesha kwa kadiri ya uwezo wangu kwamba aghalabu ya wanaoshika besi wamebaki nayo kwa hiari yao, kwa sababu zenye akili ndani yake, na kwamba sisi wasikilizaji ndio tunaopata hasara ya kwanza kwa kutowafahamu.

Mara ya mwisho maneno hayo niliyasikia Sindeni, katika barabara iendayo Korogwe kutoka Handeni, mbele ya duka ambalo vijana hukaa kungoja usafiri na kujadili mpira. Aliyekuwa akitaniwa ni kijana mpiga besi wa kwaya, na wenzake walikuwa wakimwambia kwamba kazi yake hata mbuzi angeiweza, mradi afungwe karibu na nyuzi. Hakukasirika. Alinigeukia mimi mtu mzima niliyekuwa nimekaa kando, akasema, “Shikamoo babu, samahani kwa kelele za hawa,” nami nilipomwitikia marahaba akanialika mazoezini jioni ile ile, nikayaone mwenyewe anayoyafanya.

Nilikwenda. Spika yake ilikuwa moja, koni yake imepasuka na kuzibwa kwa gundi, na gitaa lake lilikuwa la kuazima, rangi imebanduka mahali ambapo mkono wa kulia hukaa. Katikati ya wimbo wa pili, bila kumwambia mtu, aliulaza mkono wa kushoto juu ya nyuzi zote, sauti yake ikakatika. Waimbaji hawakunyamaza wala kinanda hakikusimama, lakini miguu ya wale akina mama wa safu ya mbele, iliyokuwa ikienda kushoto na kulia kwa pamoja, ilianza kuachana, mmoja akawahi, mwingine akachelewa, na mwalimu wao akatazama huku na huku kama mtu aliyesikia mlango ukigongwa asijue ni upi. Kijana akaiachia mikono, besi ikarejea, miguu ikapatana. Baadaye aliniambia, “Babu, wapiga solo tunao watatu, na kila mmoja anataka asikike. Mimi sitaki nisikike. Nataka nikiacha, wajue.”

Insafu yanilazimu kukubali kwamba wengi wa wapiga besi mashuhuri hawakuianza kazi hiyo kwa mapenzi. Paul McCartney wa Beatles alikuwa mpiga gitaa kama wenzake, na alichukua besi mwaka 1961 huko Hamburg, Stuart Sutcliffe alipojitoa katika kundi, kwa kuwa hapana mwingine aliyekubali kuichukua. Kwetu lazima ilikuwa kubwa zaidi, maana katika siku za fahari ya muziki wa dansi mpigaji hakuwa na chombo chake. Vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. NUTA Jazz iliyoundwa mwaka 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo, Bima Lee ilikuwa ya Shirika la Bima, na Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, ilipokewa mwaka 1983 na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, ndipo tukaizoea kwa jina la DDC. Mtu aliyeingia katika bendi ya namna hiyo aliajiriwa kama karani au dereva, na akikuta nafasi ya solo imeshikwa na fundi asiyetazamiwa kuondoka leo wala kesho, ilhali nafasi ya besi i wazi, alishika besi, akapokea mshahara, akamshukuru Mungu.

Lakini mlango aliouingilia mtu hautuelezi kwa nini hakutoka. McCartney angeweza kuliacha gitaa hilo mara bendi yake ilipopata utajiri wa kuajiri mtu mwingine, naye hakuliacha. Wapiga besi wa bendi zetu walikuwa wakihama toka bendi hadi bendi, kama ilivyokuwa ada ya wanamuziki wa zama zile, na kila walipohama walikuwa na fursa ya kuomba gitaa jingine. Hata hivyo waliojulikana kwa besi huku, walijulikana kwa besi kule. Suleiman Mwanyiro wa Mlimani Park aliitwa Computer, na hilo ni jina alilopewa katika zama ambazo kompyuta kwetu ilikuwa ajabu inayosimuliwa kuliko kuonekana. Sidhani kuwa hadhira humpa jina la ajabu mtu iliyemhesabu kuwa ni masalio ya wapiga solo.

Basi ni kitu gani kinachomshika mtu hapo? Kwanza ni mamlaka, na kwa kuwa ni mamlaka yasiyoonekana, watu hawayaamini mpaka waonyeshwe. Uzi mnene wa gitaa la kawaida hutikisika kiasi cha mara 82 kwa sekunde, na uzi mnene wa besi mara 41, yaani nusu yake. Nyuzi za besi ni ndefu, kiasi cha sentimita 86 kutoka daraja hadi kichwani, ilhali za gitaa ni kama 65, na unene wake huuma vidole vya mwanafunzi kwa majuma mengi kabla havijawa sugu. Sauti ya chini namna ile huingia kwa sikio, huingia pia kwa kifua na nyayo. Tena sikio la binadamu lina tabia ya kuitegemea sauti ya chini kabisa likitaka kujua wimbo umekaa wapi. Mpiga gitaa akikamata sauti tatu za C, akazipiga safi bila kosa, na mpiga besi akaweka C chini yake, msikilizaji husikia furaha iliyotulia. Lakini mpiga besi akiweka A, sauti zile zile tatu, kwa vidole vile vile, hugeuka majonzi. Mpiga gitaa hakubadili kitu, na hata hivyo amekwisha badilishiwa maana ya alichokisema. Mwenye uwezo huo akiambiwa na watu wa kijiweni kwamba amepewa kazi ya mbuzi, hana haja ya kujibu.

Pili ni mapatano yake na ngoma. Katika bendi iliyo nzuri, besi na ile ngoma kubwa ipigwayo kwa mguu huenda kama wanawake wawili wanaotwanga katika kinu kimoja, kila mchi ukijua saa ya kushuka na saa ya kumpisha mwenzake, na mtu apitaye njiani husikia pigo moja lisilo mwanya. Raha iliyomo humo haielezeki kwa mtu ambaye hajaipata, na nimewahi kuwaona wapigaji wawili wa namna hiyo wakitazamana na kucheka katikati ya wimbo wa huzuni, hadhira ikidhani wamepata wazimu.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaotaka tuamini kwamba besi ni kitu kilichotujia kwa meli. Chombo ndicho kilichotujia, maana gitaa la besi lililoenea duniani ni lile alilolitoa Leo Fender wa Marekani mwaka 1951 kuwaokoa wapigaji na taabu ya kubeba lile fidla kubwa la kusimama nalo; lakini kazi ya besi tulikuwa nayo kabla ya chombo. Ngoma za pwani zina chapuo na zina vumi. Chapuo, kwa udogo wake, husema maneno mengi, na vumi husema machache kwa sauti nzito, na mchezaji hukanyaga juu ya maneno ya vumi. Msondo, ile ngoma ndefu, heshima yake ilikuwa kubwa hata bendi iliyozaliwa kwa jina la NUTA Jazz, baada ya kupita katika majina ya JUWATA na OTTU, ikaishia kuitwa Msondo Ngoma. Hapa Uziguani wazee wanaoikumbuka ngoma ya selo ilivyokuwa ikichezwa hawana haja ya kufundishwa na mtu yeyote kwamba kilichowanyanyua vitini ni pigo la chini. Katika ngoma nyingi nilizozishuhudia mimi, mtoto ndiye aanzishwaye kwa ngoma ndogo, na ngoma kubwa hungoja mtu aliyekwisha pevuka. Ajabu ni kwamba tulipoingia katika magitaa tuliligeuza jambo hili kichwa chini, tukamtukuza mwenye sauti ya juu, tukamfanya mwenye sauti nzito kuwa ndiye mwanafunzi.

Ushahidi ulio dhahiri kuliko wote uko Unguja, katika muziki wa kidumbak. Wapigaji wa huko, wasiokuwa na fedha za kununua besi ya kusimama nayo kama zile zilizokuwamo katika vikundi vikubwa vya taarabu, yaani Ikhwani Safaa ya mwaka 1905 na Culture ya mwaka 1958, walichukua sanduku la chai, wakalipindua, wakalitoboa, wakapitisha uzi mmoja na kuufunga katika ncha ya fimbo. Mpigaji huikanyaga pembe ya sanduku lisiruke. Fimbo akiivuta uzi hukaza na sauti hupanda, akiilegeza hushuka, na hapana alama yoyote inayomwonyesha sauti ya haki iko wapi ila sikio lake na kumbukumbu ya mkono. Fidla huimba, ngoma mbili za kidumbak hulumbana, mkwasa hukata wakati, na sanduku huwachukua wote. Watu wasio na kitu, walipokuwa wakichagua vyombo vya lazima katika arusi yao, besi waliiunda kwa mikono yao kuliko kukubali kuikosa. Na mtu haundi kwa taabu namna hiyo kitu alichokiona kuwa ni cha ziada.

Mkoa wetu wa Tanga una haki ya kusema katika maudhui haya kwa sauti kubwa kuliko ilivyo desturi yake. Mkonge ulioletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, na reli iliyofika Korogwe mwaka 1902, vilivuta wafanyakazi kutoka pande zote za nchi hadi mashamba ya Ngombezi, Magunga na Hale, kila watu na ngoma yao, na jioni ya siku ya mshahara ngoma hizo zililazimika kupatana au kugombana. Bendi ya Jamhuri ya Tanga, iliyoanza kwa jina la Young Nyamwezi, hubeba historia hiyo katika jina lake la kwanza. Mjini Tanga kulikuwa na Atomic Jazz vilevile, na katika taarabu kulikuwa na Black Star na Lucky Star, ambazo ziliacha msafara mkubwa wa mafidla wa Unguja, zikachukua gitaa, kinanda na besi ya umeme, na kwa hatua hiyo zikaifanya taarabu ichezwe na watu waliokuwa wamezoea kuisikiliza wakiwa wameketi. Zipigwapo kanda za Black Star wakati sauti ya mwimbaji Shakila inapanda, wengi humsikiliza Shakila, nami siwalaumu, ila naomba siku moja wajaribu kusikiliza kilicho chini yake.

Kutoka Jamhuri ndiko walikotoka ndugu wawili, Wilson na George Kinyonga, ambao walipita Arusha na mwaka 1971 wakaingia Kenya na kuunda Simba Wanyika. Na kutoka Simba Wanyika, mwaka 1978, walijitenga wapigaji kadhaa wakiongozwa na Omar Shabani, fundi wa gitaa la rithim, wakaunda Les Wanyika. Pamoja nao alikuwapo Tom Malanga, mpiga besi. Wimbo wao wa Sina Makosa hauna mtu wa Afrika Mashariki mwenye umri wangu asiyeujua, na wengi tuwezao kuuimba hatuwezi kusema jina la Malanga, ingawa yeye ndiye aliyeufanya uwe vile ulivyo. Msikilize kwa makini. Hapigi nyingi. Hutoa sauti chache zilizohesabiwa, kisha huacha nafasi, na katika nafasi hiyo rithim ya Omar hupita bila kugusana naye, halafu hurudi mahali ambapo mguu wako ulikwisha kumngojea. Mpigaji mwenye haraka, au mwenye kiu ya kusifiwa, angezijaza nafasi zile zote kwa madoido, na wimbo ungekufa siku ile ile uliporekodiwa. Kunyamaza kwa wakati wake ni elimu, na elimu hiyo hujifunzwa katika besi upesi kuliko katika gitaa jingine lolote, kwa sababu mpiga solo akikosea watu husema amekosea, lakini mpiga besi akizidisha watu huacha kucheza bila kujua kilichowaudhi.

Wapo pia waliovuka kwa mapenzi matupu. Richard Bona wa Kameruni, ambaye leo huhesabiwa katika mafundi wakubwa wa besi duniani, alikuwa kijana mpiga gitaa mjini Douala hadi aliposikia sahani ya mpiga besi Jaco Pastorius, akaona kwamba besi yaweza kuimba, akaliacha gitaa. Hakuwa ameshindwa na kitu. Nafikiri watu wa tabia hiyo ni wengi kuliko tunavyodhani, watu ambao katika kikao hawasemi kwanza, lakini maneno yao ya mwisho ndiyo yatakayoandikwa. Na kwa kuwa magazeti na redio hupenda wasemao kwanza, tunabaki hatuna habari zao.

Sasa nije katika malalamiko, maana hoja isiyo na dai ni hadithi. Katika bendi zetu mtunzi ni yule aliyeleta maneno na njia ya sauti, aghalabu mwimbaji, na siku ya mazoezi kila mpigaji hujitungia sehemu yake mwenyewe papo hapo, besi ikiwamo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haikuwasahau wapigaji, kwani hakishiriki ndiyo yao; lakini desturi ni nzito kuliko karatasi, na desturi yetu huandika jina la mtunzi, husifu jina la mwimbaji, hulitaja la mpiga solo pale anapoingia, na la mpiga besi huliacha kaburini pamoja naye. Watangazaji wa vipindi vya zilipendwa, ambao wana kumbukumbu ya kustaajabisha ya nani alihama bendi gani na kwa ugomvi gani, wakizitaja besi za nyimbo wanazozipiga watakuwa wametenda haki ambayo haina gharama ya senti moja.

Lipo na jambo jingine, la kuchekesha kidogo. Vijana wale wale wa Sindeni waliomtania mwenzao hawakosi sabufa vyumbani mwao. Huikopa, huilipia kwa taabu, huigeuza uso iangalie mlango ili jirani naye apate riziki, na wimbo usiotikisa bati huuita mbovu. Wanaipenda besi kuliko sisi tulivyoipenda. Ila besi waijuayo imetoka katika programu ya kompyuta, haina mtu, wala haina mkono uliopata sugu, na wimbo wenye mpigaji wa kweli huwafikia kwa kipaza sauti cha simu, kilicho kidogo mno kuweza kuitikisa hewa mara 41 kwa sekunde, hivi kwamba Tom Malanga mzima huingia katika simu na asitoke. Siwezi kumlaumu mtu kwa kutomheshimu fundi ambaye hajapata kumsikia.

Kwa hiyo ningependa maafisa utamaduni wa Handeni na Korogwe, wanapoandaa mashindano ya kwaya na ya vikundi vya vijana, waweke zawadi ya besi peke yake, nayo itolewe mbele ya watu, kwa jina la mpigaji. Na waalimu wa muziki wamwanzishe mwanafunzi kwa besi kabla ya solo, ajifunze kungoja kabla ya kujifunza kukimbia. Na kwaya au kikundi kilichochanga fedha ya kununua spika moja tu, nakishauri kinunue ile kubwa ya inchi 15, apewe mpiga besi. Wapiga solo wote watatu wabaki na ile ndogo, maana sauti yao hata redio ya mkulima iliweza kuitoa.